Arobaini ya Muuza Vitenge

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja ya binafsi hapa Kibiti. Mlango wa nesi ni pazia, kwa hiyo tulisikia yote. Ndani alikuwa dada anayeuza vitenge Ikwiriri, pamoja na shangazi yake.

"Niliongeza matiti," dada alisema. "La kushoto limekaa juu. Nataka wanipasue tena, mwezi huu huu."

"Wiki ya ngapi hii?" nesi aliuliza.

"Ya tano. Nilifanyiwa huko ng'ambo nilikofuata mzigo wa vitenge."

"Tangu urudi umefanya kazi gani?"

Alitaja kubeba marobota, kisha kutwanga mpunga wa harusi ya jirani, siku mbili.

"Ukiwa na mshono huo?"

"Ningewaambiaje? Wanajua nilifuata vitenge."

Nesi alimwambia hakuna homa wala usaha, uvimbe bado upo, na titi huchukua miezi kutulia. Daktari wa upasuaji Dar amwone kwanza. Kurekebisha kutaamuliwa baadaye. Kwa sasa asinyanyue kitu.

"Mzazi aliyejifungua hashiki mchi siku arobaini," shangazi alisema. "Tunamkanda, tunamtwangia. Wewe umepasuliwa ukaenda kutwanga harusi ya watu. Arobaini yako inaanza leo. Dukani nitakaa mimi."

"Wateja watauliza, shangazi."

"Nitawaambia umepasuliwa. Atakayecheka nitampa mchi, atwange zamu yako."

Soko huria limetuletea kila kitu kutoka ng'ambo, hata matiti. Mapumziko bado yanatoka kwa mashangazi, nao hawampi asiyesema. Walipotoka, mkoba wa dada ulikuwa begani kwa shangazi.