Siku ya Hamsini ya Boksi la Bi Mwanaheri

Mtu pekee ninayemjua anayefurahia kufeli ni Benigna Luoga. Tumepanga fremu moja ya duka hapa Mfaranyaki, Songea, mimi dirishani na cherehani yangu, yeye ukutani na kompyuta na nyaya zake. Asubuhi utamsikia akisema, "Imefeli, safi," kisha anaendelea na kazi kama mtu aliyepewa zawadi. Mwanzoni nilidhani ana tatizo kichwani, na nilimwambia hivyo.

Benigna hutengeneza maboksi madogo ya kuongoza mashine za kutotolesha vifaranga. Ndani ya boksi kuna chipu, na ndani ya chipu kuna programu anayoiandika mwenyewe: joto likishuka hita iwake, likizidi izime, kila baada ya saa kadhaa trei zigeuke. Ukiliona boksi lenyewe hutalithamini. Ni la plastiki, lina kioo kidogo cha namba, taa mbili na swichi.

Aliyemfundisha kufeli ni shangazi yake Walburga, bila mwenyewe kujua. Boksi la kwanza kabisa lilikwenda kwake. Siku ya tisa panya akakata waya wa kipimajoto, programu ikasoma sifuri, ikadhani mayai yanapigwa na baridi, ikawasha hita na kuiacha hivyo hivyo. Mayai tisini yaliiva humo humo. Shangazi hakugomba. Alibeba beseni zima mpaka dukani kwetu, akaliweka mezani, akasema, "Haya ni yako," akaondoka zake. Harufu ile ilikaa kwenye vitambaa vya wateja wangu wiki nzima, na mpaka leo sijamsamehe shangazi sawasawa.

Baada ya hapo Benigna alijifunza mtandaoni namna nyingine ya kufanya kazi. Kabla hajaandika mstari hata mmoja wa programu, anaandika kwanza jaribio: waya ukikatika, hita izime na boksi lilie mara tatu. Jaribio analiendesha kwenye kompyuta, kwa kipimajoto cha uongo na saa ya uongo, bila yai la mtu kuwa hatarini. Linafeli, maana programu bado haijui kitu, na maandishi yanatokea mekundu. Hapo ndipo anaposema safi, kwa sababu ameona kwa macho yake kwamba jaribio linaweza kukamata kosa. Ndipo anaandika programu mpaka wekundu ugeuke kijani. Mimi nilimwelewa siku aliponiuliza kwa nini napima kiuno cha mteja kabla ya kukata kitambaa.

Kila jaribio analipa jina la mtu aliyeumizwa na kosa lile. Lipo la Walburga. Lipo la Rupert wa Bombambili, ambaye feni yake ilikwama na upande mmoja wa mashine ukapoa. Lipo la Amedeus, aliyebonyeza swichi mara kumi na mbili kwa hasira. Yamefika arobaini na kitu, nami huyaita orodha ya wafiwa. Benigna hacheki. Anasema jina linamzuia kusahau kwamba nyuma ya kosa kuna mtu.

Sasa nije kwa Bi Mwanaheri. Ni mama wa makamo, anaishi Mbesa kule Tunduru, analima korosho na kufuga kuku. Mwaka juzi kideri, ule ugonjwa wa kuku, kiliingia bandani kwake kikaondoka na kuku wote, hakubaki hata jogoo wa kumwamsha. Alikusanya mayai kidogo kidogo kwa majirani na ndugu, akanunua mashine kubwa na boksi la Benigna. Kwanza akatotolesha mayai machache ya kujaribu, yakatoka vizuri. Kisha akajaza mashine yote, mayai mia tano ishirini na nane. Hayo ndiyo yalikuwa banda lake jipya lote.

Jumatano ile, kama saa tatu asubuhi, alipiga simu kushukuru. Benigna huweka sauti nje kwa sababu mikono yake haiishi nyaya, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Shikamoo mama," Benigna alisema.

"Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi, leo ni siku ya kumi na tisa. Ukiweka sikio unasikia wanavyogonga humo ndani. Na boksi lako halijazimika hata dakika moja tangu nilipoliwasha. Hii sola niliyofunga ni nzuri, umeme haukatiki."

Wakaagana kwa furaha. Benigna akabaki ameshika simu, kichwa upande.

"Dada Leti," akaniuliza, "tulimtumia mama boksi wiki saba zilizopita. Hapa Songea umewahi kuona umeme ukakaa wiki saba bila kukatika hata kidogo?"

"Nikiona nitakwenda kanisani kutoa shukrani," nilimjibu.

Benigna akarudi kwenye kompyuta. Akaandika jaribio jipya: boksi likikaa siku hamsini bila kuzimika, joto likishuka, hita iwake. Akaisogeza ile saa ya uongo siku hamsini mbele, jambo linalochukua muda mfupi kuliko kupiga chafya, akaendesha. Likatokea jekundu. Nikangoja aseme safi. Hakusema.

Alinieleza baadaye, nami nalisema kama nilivyolielewa. Chipu ina hesabu yake ndani inayopanda tangu ilipowashwa, kwa vipande vidogo kuliko sekunde. Ikifika siku arobaini na tisa na saa kumi na saba hivi, nafasi ya namba inajaa na hesabu inarudi sifuri, kama mita ya kilomita ya bodaboda iliyozeeka. Tena programu ya Benigna, kila ilipozima hita, ilikuwa inajiwekea ahadi: nitawasha hesabu ikifika namba fulani. Ahadi ikiwekwa dakika ya mwisho, hesabu inarudi sifuri na ile namba haifikiwi tena. Hita inalala moja kwa moja. Kwenye maboksi yote aliyouza kosa hilo lilikuwemo, na halikuwahi kuonekana, kwa sababu kwetu umeme hukatika, boksi linazimika, linawaka upya na kuanza kuhesabu moja. Miaka yote tulikuwa tunaulaani umeme, kumbe ndio uliokuwa unatusitiri.

Benigna akapiga simu tena, na safari hii sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Mama, uliliwasha lini hasa?"

"Jumanne ile mliponitumia. Nakumbuka, nilikuwa nimetoka kuswali magharibi."

Benigna akahesabu kwenye kipande cha karatasi ya vipimo vyangu. Jana jioni zilitimia wiki saba kamili. Ukiongeza saa kumi na saba, ilikuwa leo kabla ya adhuhuri. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo. Kutoka Songea hadi Mbesa hata ungepanda gari muda huo huo ungefika jioni, na vifaranga wa siku ya kumi na tisa hawangoji baridi mpaka jioni.

Dawa yenyewe ilikuwa ya mtoto mdogo: zima, hesabu mpaka kumi, washa. Nilishusha pumzi. Niliishusha mapema.

"Nizime?" Bi Mwanaheri aliuliza. "Wewe mwenyewe umeniandikia hapa kwa wino mwekundu, nasoma: usizime kamwe mayai yakiwa ndani. Hapa jirani yangu Bakili alikuwa na mashine ya dukani, akaizima afute vumbi, haikuwaka tena mpaka leo. Kitu kinafanya kazi vizuri, mwanangu, nikizime kwa sababu gani?"

Nilimwonyesha Benigna kwa mikono: sema ni huduma ya kawaida, kila boksi hufanyiwa. Nilikuwa nimeshamtungia na maneno. Yeye akanitazama, akanipa mgongo.

"Kwa sababu nimekosea, mama," akasema. "Programu yangu ina kosa. Usipozima kabla ya adhuhuri, hita haitawaka tena, na vifaranga wako watakufa mikononi mwangu mimi, si mwako."

Nilisikia jogoo wa mtu huko Mbesa. Nami nilikuwa naikunja sketi ya watu bila kujua ninachokunja.

"Nitajuaje kwamba safari hii hujakosea tena?" Bi Mwanaheri akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyewahi kuzika kuku wote.

Benigna akaisogelea simu. "Upande wa kulia wa boksi kuna waya mweupe wa kipimajoto. Uchomoe. Taa nyekundu, ile ya hita, itazima na boksi litalia mara tatu, si mbili wala nne. Ukiurudisha, litalia mara moja. Taa nyekundu itawaka yenyewe joto likishuka kidogo."

"Mayai hayatadhurika?"

"Hayatadhurika. Hilo nimelijaribu mara nyingi kuliko nilivyokula ugali, na lina jina la shangazi yangu."

"Bismillahi," Bi Mwanaheri akasema. Tukasikia mlio, mlio, mlio. Tukangoja wa nne, haukuja. Baada ya muda ukaja mmoja peke yake. Kisha sauti yake: "Taa imerudi. Umesema kweli."

"Na kuzimwa na kuwaka tena ndilo jambo ambalo boksi hili limelifanya kuliko yote," Benigna akasema. "Umeme wa Songea umenifanyia jaribio hilo bure kwa miaka mitatu."

Bi Mwanaheri akacheka kidogo, na kicheko kile ndicho kilichotuokoa. Akazima. Akahesabu kwa sauti, polepole mno, na mimi huku nilikuwa na Salamu Maria yangu kimoyomoyo, sijui nilifika wapi. Alipofika kumi tukasikia swichi, kisha mlio mmoja mrefu.

"Imewaka," akasema. "Taa nyekundu, taa ya kijani, feni inazunguka. Namba zinasema thelathini na saba na nusu."

Benigna akakaa chini sakafuni, palepale katikati ya vipande vyangu vya kitenge, akafunika uso akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi sikuona aibu kulia naye. Tulimwomba mama akae karibu na simu, na adhuhuri ilipopita akatupigia kusema joto ni lile lile na yeye anakwenda kuswali.

Mchana huo Benigna alirekebisha programu. Siku hizi boksi haliulizi kama hesabu imefika namba fulani, linauliza muda gani umepita tangu lilipozima hita, na swali hilo linajibika hata hesabu ikirudi sifuri. Jekundu likawa kijani, na yale arobaini na kitu mengine yakabaki kijani vilevile. Kisha akawapigia wateja wote mmoja mmoja kukiri kosa. Rupert wa Bombambili alimwambia asijali, kwake umeme ulikatika jana na juzi.

Ijumaa ikaja sauti iliyorekodiwa kwenye simu kutoka Mbesa. Hakukuwa na maneno, ni kelele za vifaranga tu, nyingi mpaka spika ikakwaruza. Mwisho kabisa Bi Mwanaheri alisema walikuwa mia nne thelathini na mmoja, wengine bado wanatoka. Benigna aliisikiliza mara nne, mimi nikaomba ya tano.

Nilipoinama kwenye kompyuta yake kuangalia orodha ya wafiwa, niliona jaribio la siku hamsini lipo chini kabisa, limepewa jina la Mwanaheri. Nikamwambia amekosea, mama yule hakufiwa.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimeliweka. Huyu ni wa kwanza niliyemwahi kabla ya kosa."