Paskazia wa Makaratasi

Mjini Mwanza, miaka ile reli ilipokuwa bado ngeni na watu wakienda stesheni kuitazama tu, hakuna mwanamke aliyependa takataka za dukani kama Paskazia. Wenzake walikwenda kwa Taherali kununua sukari na kanga. Yeye alikwenda kuulizia karatasi. Ile ya buluu iliyofungia sukari, ile ya fedha iliyotandikwa ndani ya masanduku ya chai, vibandiko vya majora ya nguo vyenye picha za simba na tausi, vyote alivisomba kwa furaha ya mtu aliyeokota mali. Mumewe Venant, seremala wa bandarini, Mkerewe mpole kupita kiasi, alishazoea kuhamisha makaratasi kitandani ndipo apate pa kulala. Basi watu wakambandika jina: Paskazia wa Makaratasi. Halikumuudhi hata kidogo.

Na mikono yake, jamani! Noeli ikikaribia alipika gundi ya unga wa muhogo mpaka ikang'ang'ania mwiko. Karatasi nyeupe alizichovya kwenye maji ya bizari zikatoka za manjano, akazikata vipande, akaviunganisha pete kwa pete hadi mnyororo ukazunguka kanisa zima. Karatasi ya chai ikawa nyota. Idi ilipofika, Bi Zeenat, mke wa Taherali, alimketisha barazani amfungie zawadi za ndugu zake, na Wahindu wa mtaa wa pili nao wakamwita kwa ajili ya Diwali. Paskazia hakubagua sikukuu ya mtu. "Karatasi haijabatizwa," alisema, na kuendelea kukunja.

Lakini mwanamke huyu aliyefunga zawadi za mji mzima alikuwa na donda moja moyoni. Baba yake, mzee Mayala wa Magu, hakuwa akisema naye. Mzee alikuwa amemtafutia mchumba, jirani mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Paskazia akaenda zake Mwanza, akabatizwa, akafunga ndoa kanisani na Venant, na baba hakutokea. Alipokwenda kumsalimia baada ya harusi, mzee alimwambia mlangoni, "Usikanyage hapa mpaka nikuite." Miaka ikapita na mzee asiite. Paskazia alikuwa mtu wa kucheka, lakini mtu akilitaja jina la Magu, aliinamia makaratasi yake.

Mwaka mmoja, Noeli ikiwa jirani, akaamua kujaribu. Kama kuna kitu mzee Mayala alikipenda duniani kushinda ng'ombe wake, basi kilikuwa ugoro. Paskazia akanunua ugoro mkali, akautia ndani ya kikopo, kisha akakaa kukifunga. Hapo ndipo alipomaliza ufundi wake wote. Karatasi ya buluu chini, ya manjano juu yake, nyota ya fedha katikati, maua ya karatasi pembeni, na mshipi wa katani alioupaka rangi nyekundu. Venant alipokiona alivua kofia. Binamu wa Paskazia, Ngosha, aliyekuwa akileta mchele sokoni kutoka Magu, akakabidhiwa kifurushi ampelekee mzee.

Sasa huyu Ngosha alikuwa mtu wa ajabu. Ukimuuliza jambo moja, atakujibu hilo hilo moja, na kama dunia inaungua nyuma yako hatasema mpaka umuulize. Aliporudi mjini baada ya mwaka mpya, Paskazia alimkimbilia.

"Amepokea?"

"Amepokea."

"Amefungua?"

"Hajafungua, dada."

Mwezi uliofuata ikawa vile vile. Hajafungua. Kwaresima ikaingia, Ngosha akaja na mchele wake na jibu lake. Hajafungua.

Paskazia akavunjika moyo. Baba amepokea kwa adabu tu, alijiambia, kisha akakitupa kwenye kona pamoja na majembe mabovu. Akaacha kuulizia karatasi. Pasaka ikafika na kanisa likabaki na kuta tupu. Watu wakatazamana lakini hakuna aliyethubutu kumuuliza. Aliyethubutu ni Bi Zeenat. Alimwita barazani, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamkazia macho.

"Miezi yote hii wewe unamuuliza Ngosha. Baba yako ni wa Ngosha au wako? Nenda."

"Alisema nisikanyage."

"Basi simama uani. Uani si mlangoni."

Akapanda lori lililokuwa likienda kuchukua pamba, akafika Magu vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Alisimama uani kweli, akapiga magoti palepale. "Mwangaluka, baba," alisalimia kwa Kisukuma.

Kilichosikika kutoka ndani ni chafya. Moja, ya pili, ya tatu, chafya za mtu mwenye raha zake. Paskazia alinyanyua uso. Mlango ulikuwa wazi, na ukutani, mahali pa heshima ambapo mzee alitundika mkuki wa babu yake, mkuki haukuwepo. Palitundikwa kifurushi, nyota yake ikiwaka kwa mwanga wa mlangoni. Chini yake mzee Mayala amekaa kwenye kigoda, amekiinulia pua, anavuta harufu ya ugoro kupitia kwenye karatasi.

Maskini Paskazia! Alikuwa amekaa mjini mpaka akasahau. Nyumbani kwao zawadi huja kwenye kikapu au kibuyu, unaiona palepale. Nani Magu aliyewahi kuambiwa kwamba kitu kizuri namna ile kimetengenezwa ili kichanwe?

"Baba," alisema, "mbona hukufungua?"

Mzee alimtazama kana kwamba amesikia upuuzi. "Nifungue nini? Watu wanatoka hadi Misungwi kuja kukiona. Nawaambia, hiki amekitengeneza mwanangu kwa mikono yake. Wewe unataka nikirarue?"

Mwanangu. Paskazia alilisikia neno hilo, akalia kwa sauti, bila kujificha, mpaka kuku wakakimbia uani. Mzee akahangaika, akainuka, akaketi tena, akajikuna kisogo. Hakujua kubembeleza, hakuwahi kujifunza.

"Ndani yake kuna ugoro wako, baba," alisema alipopata pumzi. "Hayo mengine ni maganda tu. Chana. Nitakutengenezea lingine."

Mzee alikishusha kifurushi taratibu, akakipakata mapajani. Alipitisha kidole juu ya nyota, juu ya maua, asijue pa kuanzia. Ulikuwa mwezi wa nne sasa anaunusa ugoro ule bila kuuonja, na mate yalikuwa yakimtoka. Hata hivyo hakuchana.

"Hilo lingine," aliuliza akiwa ameinamisha kichwa, "utampa Ngosha tena, au utalileta mwenyewe?"

"Nitalileta mwenyewe, baba."

"Basi usikae huko uani kama mgeni," alisema mzee Mayala, na kwa mikono miwili akaichana karatasi.