Mchi wa Mke wa Kobe

Kobe aliendesha lori taratibu mno, hata nzi walipanda kwenye kioo wakiwa wachumba wakashuka na wajukuu. Ndiyo maana watu walishangaa: Kobe huyu huyu, amuue mlinzi wa ghala kwa jiwe? Lakini mahakama ya kwanza ilimtia hatiani, kitanzi kikawa kinamngoja. Dereva mwenzake aliapa: "Nilimwona akilichomoa jiwe chini ya tairi lake."

Siku ya rufani mkewe aliketi benchi la nyuma, macho makavu, hamwamini mtu. Alimshuku yule dereva, aliyekuwa akimletea pole kila Ijumaa huku shingo imeelekea jikoni. Alimshuku wakili kwa miayo yake. Na kwa siri, Mungu amsamehe, alimshuku hata mumewe, maana kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wakili akasoma orodha ya vitu ambavyo polisi walivikuta kwenye lori: turubai, jeki, "kipande cha mchi wa kutwangia, kina grisi."

Jaji mmoja, mwanamama, akainua miwani. "Dereva anatwanga nini barabarani?"

"Ni kabari, mheshimiwa. Akiegesha, huitia chini ya tairi. Shahidi mwenyewe alikiri kwamba madereva humcheka, eti lori lake linalindwa na mchi wa mkewe. Sasa jiwe la nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Majaji hawakucheka. Wiki tatu baadaye wakasema shahidi ni mmoja, na maneno yake yanapigana yenyewe kwa yenyewe. Kobe akaachiwa, akakabidhiwa na kipande chake cha mchi.

Nyumbani mkewe alikigeuza-geuza mkononi. Mchi ule ulipovunjika, yeye ndiye aliyeushikia msumeno, akapata vipande viwili: tairi la kulia, tairi la kushoto.

"Baba watoto, kile kingine kiko wapi?"

"Kilipotea njiani."

"Kabla mlinzi hajafa, au baada?"

Kobe akapuliza chai iliyokwisha poa. "Kabla."

"Na upande ule ukawa unaweka nini?"

"Ai, mama! Majaji watatu wamemaliza kuuliza, wewe ndiye wa nne?"

"Wale wamerudi kwao. Mimi nalala na wewe."

Kobe akapuliza tena.

Basi kabari ile haikurudi kwenye lori. Mke alihamia chumba cha watoto, na mpaka leo imekaa chini ya mlango, upande wa ndani.