Skatingi za Mzee Salim

Mimi ni seremala wa Chekalini. Mwezi jana, mwaka huu wa tisini na nne, niliitwa Mumias kwa Mzee Salim, muuza nguo, nimwekee skatingi, zile mbao nyembamba za kuziba ufa kati ya sakafu na ukuta. Ili niuone ufa vizuri nilipiga magoti, nikainama mpaka paji la uso likagusa saruji. Mzee alifungua mlango, akaniona, akaufunga taratibu.

Nilipotoka akanisalimu, "Asalamu aleikum, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Aleikum salamu, mzee. Naitwa Yusufu," nikajibu, maana ndilo jina nililobatizwa.

Uso ukamchangamka. Mchana nililetewa pilau ya kuku, sahani imejaa. Nilishuku kuna jambo, lakini mdomo ulikuwa na kazi, sikuuliza.

Kesho yake, Ijumaa, alikuja na kanzu iliyopigwa pasi.

"Vaa twende msikitini. Jana nilikuona ukisali peke yako kwenye vumbi."

Nilijua atanifukuza, na mbao zake zote nilikuwa nimeshazikata.

"Nisamehe, mzee. Mimi ni wa kwaya ya kanisa. Jana nilikuwa natazama ufa."

Alinikodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Na imamu nimeshamwambia naja na mgeni," akasema. "Basi nitamwambia mgeni amebaki akipigilia misumari."

Nikamrudishia kanzu yake kwa mikono miwili, mwepesi kama mtu aliyetua gunia la mahindi.