Mguu Mmoja Ulibaki Baridi

Mwanangu, ipo siku moja ya kliniki ninayoikumbuka kuliko siku zangu zote. Nakuita mwanangu ingawa hujazaliwa, na mimi mwenyewe niko Form Three, sijashikwa mkono na mvulana hata wa kunivusha mto. Lakini nasaha isiyo na wa kuambiwa huchacha tumboni, na hapa Wusi mlimani siku hizi naishi peke yangu. Basi kaa.

Nililelewa na Babu, maana mama yuko Saudia kikazi. Babu ana kisukari cha miaka mingi, na shamba letu ni la matuta, kupanda na kushuka. Mwaka jana alianza kusimama kila baada ya tuta la pili, ameshika msuli wa mguu wa kulia. Akipumzika kidogo maumivu yanaisha, anaendelea. Kwa aibu alijifanya anatazama mahindi ya watu.

"Mzee, umeajiriwa kilimo?" jirani alimtania. "Kila siku ukaguzi."

"Nakagua wavivu," Babu akamjibu, "na nimeanza na wewe."

Jioni nilimwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu kuinama kulimshinda. Wa kushoto ulipata joto. Wa kulia ulibaki baridi kama jiwe la mtoni, na kwenye kidole kidogo kulikuwa na kidonda kisichofunga. Hayo yote niliyaandika kwenye daftari hili ninalokuandikia. Kusema, sikusema.

Kliniki, muuguzi alimfunga kitambaa cha presha mkononi, kisha juu ya kifundo cha mguu ule. Akatabasamu. "Mguu una presha kushinda mkono. Damu inafika vizuri."

Babu akanitazama. Kiswahili cha hospitali humpita, mimi ndiye humtafsiria kwa Kidawida, lugha ya kwetu. Nikamwambia uko sawa, na vidole vyangu vinajua si kweli. Ningeanzaje, mtoto wa shule, kubishana na mashine mbele ya foleni ile? Mimi hata darasani sinyooshi mkono nikijua jibu. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, walisema wahenga, nami nilidhani wanasema watu wengine.

Miezi miwili baadaye kidole kilikuwa cheusi. Tukaandikiwa rufaa hospitali kubwa, na daktari wa huko akanionyesha picha: mishipa ya mguu imeonekana myeupe kama mifupa. Ni kalsiamu, mwanangu, ile ya chaki, imeganda kwenye kuta za mishipa.

"Mshipa mgumu haubanwi," alisema. "Kile kipimo kilisoma ugumu, si damu. Mtu kama huyu hupimwa kwenye kidole gumba cha mguu, ambako mishipa huwa bado laini. Nani humwosha?"

"Mimi."

"Na hukuhisi kitu?"

Nikamgeukia Babu, nikamwambia yote kwa Kidawida huku nalia.

"Mashine ilinishika dakika mbili," akasema. "Wewe umenishika mwaka mzima. Mbona uliiacha iseme peke yake?"

Hakunikemea tena, hata siku moja.

Walijaribu kupitisha waya mwembamba na kupanua mshipa kwa puto dogo. Waya ukakwama chini ya goti. Walikata kidole, halafu vingine viwili, halafu mguu wenyewe. Nilimwuliza daktari kama ningesema mapema mguu ungepona. "Sijui," alisema. "Mishipa kama hii ni migumu kutibu hata ukiwahi. Ila tungekuwa na muda wa kujaribu."

Hiyo "sijui" ndiyo ninayolala nayo.

Babu sasa yuko Voi kwa shangazi, kwenye joto asilolipenda, kwa kuwa magongo hayapandi njia yetu. Hunipigia kuuliza ukungu umefika wapi.

Simlaumu muuguzi. Alisoma alichoonyeshwa, kilichobaki nilikuwa nacho mimi. Kwa hiyo, mwanangu, jambo ulilolijua kwa mikono yako liseme, hata sauti ikitetemeka, hata mwenye koti jeupe akiwa ameshasema lingine. "Mguu wake ni baridi." Maneno manne. Wakikucheka, wacha wacheke. Kicheko huisha kabla hujafika nyumbani.

Mungu akupe ulimi usiochelewa kama wangu, na uwapendao wabaki na nguvu za kupanda kuja kwako. Amina.