Ree ya Kopa ya Baba

Karata zetu zilinukia poda ya mtoto. Mama alizipaka kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, maana unyevu wa msimu wa mvua ulizifanya zinate mkononi. Tulikaa Biryogo, mtaa wa mji mkuu, na kwenye veranda ya saruji, juu ya mkeka, ndipo wazazi wangu walipocheza mchezo wa sitini na moja, ambao Mama aliuleta kutoka Bujumbura alikozaliwa. Kila mmoja hushika karata tatu, anatupa moja, mwenye kubwa anazoa na kuokota nyingine. Aina moja huwa turufu, nayo huzipiga aina zote. Ree ina pointi kumi na moja, saba ina kumi, na anayefikisha sitini na moja ameshinda. Asiyekumbuka zilizokwisha kutoka hufungwa tu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikaa nyuma ya Mama, kidevu begani kwake, nikihesabu kimoyomoyo kila karata iliyoanguka.

Mwaka ule, 1992, nilichaguliwa kwenda shule ya bweni upande wa Ndera, nje ya mji. Baba, karani wa wizara moja kule Kacyiru, alikataa. Kaskazini kulikuwa na vita, barabarani vizuizi vya askari, na kila jioni alishuka kwenye basi na habari mbaya kuliko za jana. “Oya, hapana,” alisema. “Mtoto wangu halali mbali na mimi wakati huu.” Alikwisha kuwatangazia hata ndugu zake, na Baba hakuwa mtu wa kumeza maneno yake mbele ya watu. Mama hakubishana. Alimwandalia chakula wiki mbili nzima bila kumsemesha, nami nikalia jikoni nikisingizia moshi wa makaa.

Jumapili moja Mama aligawa karata, kisha akaweka kiganja juu yake. “Baba Mwajuma, nikikufunga leo, mtoto anakwenda shule.”

Baba mdogo Isa, aliyekuwa anakunywa chai kando yetu, alicheka. Baba hakucheka. Alinitazama mimi kwanza. “Na nikikufunga mimi?”

“Sitalitaja tena.”

Turufu ilikuwa kopa. Walicheza polepole kuliko siku zote, na mimi sikupepesa jicho. Karata za kuokota ziliisha, wakabaki na mbili mbili: Mama pointi hamsini na tano, Baba arobaini na nne. Ree ya kopa ilikuwa haijatoka, na mkononi mwa Mama haikuwamo. Ilikuwa zamu ya Mama kutangulia. Alitupa saba ya shupaza, nami nikafumba macho, kwani Baba angeipiga kwa ile ree na mchezo ungeishia hapo. Nilipofumbua, juu ya saba kulikuwa na nne ya uru, karata isiyo na thamani yoyote.

“Sitini na tano,” Mama alisema kwa sauti ndogo.

Baba alichomeka karata yake ya mwisho katikati ya nyingine, akazichanganya haraka. “Basi, nimefungwa. Atakwenda.”

“Kaka, umefungwa na mkeo!” Isa alipiga makofi.

Nilifungua mdomo. Baba alinikazia macho, nikaufunga. Septemba alinibebea mwenyewe sanduku langu la bati mpaka getini mwa shule.

Baba aliuawa mwaka 1994. Jinsi alivyouawa sitaisimulia hapa. Siri yake niliitunza peke yangu, au ndivyo nilivyodhani, hadi mwaka jana nilipomwambia Mama tukichambua mchele: siku ile Baba alikuwa na ree.

Hakuinua kichwa. “Wewe ulihesabu, mimi je? Mchezo huo nimekufundisha mimi.”

“Kwa nini hukusema?”

“Ningesema siku ile mbele ya ndugu yake, angelazimika kushinda.”

Nyumbani kwangu sasa, Kacyiru, tunajadili kila jambo mezani, mimi na mume wangu, tukiwa tumesoma sote, na kila mmoja ana hoja. Ni haki, wala sitamani tuamue maisha ya watoto kwa karata. Ila mara nyingi tunaondoka mezani kila mtu ameshinda hoja yake, na hakuna aliyempa mwenzake kitu.