Damu Haizimuliwi kwa Dripu ya Sukari

Siku yangu ya kwanza maabara, Korogwe, Mkuu wa Maabara hakunipa hata kiti. Alinipa mirija miwili ya kupimia, mmoja una maji matupu, mwingine maji ya chumvi ya dripu. Nikatia tone la damu kila mmoja. Ule wa chumvi ulibaki na ukungu mwekundu. Ule wa maji ukawa angavu kama juisi ya rozela.

"Umezipasua chembe," akasema. "Ukuta wa chembe nyekundu unapitisha maji kama chandarua kinavyopitisha upepo. Chumvi inabaki nje, inayashikilia maji yasiingie mengi. Ukiiondoa, chembe inavimba mpaka inapasuka."

Nikajiona nimehitimu. Kumbe nilijua nusu.

Miaka ikapita, nikahamishiwa Handeni. Mama mmoja wa Sindeni alijifungua, damu ikamtoka hadi fahamu zikampotea. Shemeji yake akamtolea chupa moja, nikazipima damu zao, zikapatana. Baadaye Mganga Mfawidhi, mkubwa wetu, akaja dirishani kwangu na dripu ya sukari mkononi.

"Bwana Maabara, damu nzito, haishuki. Ya chumvi imekwisha. Niizimue na hii?"

Nikasoma kibandiko: ukali wake sawa na wa damu, basi chembe hazitapasuka. Nikasema, "Sawa, daktari."

Akaenda. Mimi nikashindwa kukaa. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Mwisho nikachanganya damu iliyobaki na maji ya sukari, nikauweka mrija kwenye maji yenye joto la mwili. Chembe zikashikana mabonge, kisha zikaanza kupasuka, maji yakawa mekundu angavu. Sukari ina milango yake kwenye ule ukuta. Huingia, na maji huifuata ndani. Kibandiko kilipima chupa, hakikupima ukuta.

Nilikimbia. "Funga, daktari!"

Akafunga. Ndiyo kwanza alikuwa ameifungua, yalikuwa yameingia matone machache. "Si uliniambia sawa?"

"Nilikosea."

Tukabadilisha mpira wa dripu, damu ikashuka peke yake, polepole. Mama akapona.

Sasa nimestaafu, ila kukaa bado kunanishinda. Kila nikipita Mkata namkuta yule mama akiuza mihogo.

"Shikamoo mzee. Shemeji yangu huniambia ulivyokuja mbio kuniokoa."

"Marahaba, mama."

Ananiongezea muhogo mmoja. Naupokea, naondoka haraka. Hajui nani alisema sawa.